Mchumi Aliyesema "Sijui Bado"

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile mdogo wangu Aikande alipotusimamisha kazi kihambani, shamba letu la nyumbani, akatangaza kwamba amechaguliwa kwenda chuo kikuu. Kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu kila tawi, na kila mtu alikuwa na kikapu kiunoni. Baba akaacha kuchuma. Mama akaacha. Bibi yetu, mama yake Baba, hakuacha. Yeye aliuliza huku vidole vinakwenda.

"Kusoma nini?"

"Uchumi, Bibi. Nitakuwa mchumi."

Hapo Bibi akasimama. Akautazama mbuni uliokuwa mbele yake, akamtazama mjukuu wake, akautazama tena mbuni. "Yaani umekaa darasani miaka yote hiyo uje kuwa mchumaji? Na hapa ulipo unafanya nini?"

Tulicheka mpaka nikamwaga kahawa yangu chini. Usituone wajinga. Sisi wa mlimani ukitamka kuchuma tunaona kahawa tu, hatuoni kitu kingine. Baba hakucheka. Alitaka daktari. Alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili alikaa benchi moja na mtu mwenye binti muuguzi, akisikia habari za sindano na mavazi meupe. Sasa yeye ataenda kusema nini? Kwamba binti wa kwake anasomea kuchuma?

Aikande hakukasirika. Alisema, "Ni kuchuma huko huko, Bibi. Ila nitasoma kwa nini mmoja anachuma na mwingine anakula."

"Hilo kasome," Bibi akamjibu, akarudi kwenye tawi lake. "Hilo hata mimi nataka kulijua kabla sijafa."

Basi akaenda. Mimi, Ndeshi, mkubwa wake, nilibaki. Niliishia darasa la nne. Sikufukuzwa, wala sikuwa mzito wa kichwa. Ng'ombe walikuwa zizini, na ng'ombe hajui likizo. Huku kwetu ng'ombe haendi malishoni. Hufungwa nyumbani, na majani yake tunayafuata tambarare na kuyapandisha mlimani kichwani. Mtu mmoja lazima afanye hivyo ili mwingine asome. Mkono mmoja haulei mwana, na mimi nilikuwa mkono mmojawapo. Sijutii. Nakuambia tu ujue kwamba nyuma ya kila msomi yuko mtu mwenye shingo ngumu.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza tena kujaa. Sabuni na sukari tuliyokuwa tukiipangia foleni, ghafla unaikuta sokoni Kwa Sadala imepangwa barazani, na mwenye duka anakuita shemeji. Mambo yalikuwa yanafunguka kila upande, na Aikande alifunguka nayo. Akamaliza Dar es Salaam, wakambakiza chuoni afundishe. Kisha akaenda Ulaya, akarudi na ile shahada ya juu kabisa, ambayo mtu anaitwa daktari lakini hawezi kukuchoma sindano. Baba alifurahi kupita kiasi! Akatangaza kanisani: daktari amepatikana. Jumapili iliyofuata wamama wawili walikuwa uani kwetu, mmoja na mgongo, mwingine na mtoto wa masikio.

"Mama, mimi si daktari wa masikio," Aikande akasema.

"Wa nini basi?"

"Wa uchumi."

"Ahaa," yule mama akasema, akamfunika mtoto wake. "Basi kahawa yangu inaumwa. Njoo uitibu."

Mwanangu, yule mama alifanya utani, lakini alikuwa amesema kweli. Kahawa ilikuwa inaumwa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia na magari yao, mwaka huu bei inapanda mpaka watu wanaezeka bati, mwaka ujao inaanguka hata gunia linakuwa aibu kulibeba. Zamani kung'oa mbuni kulikuwa kesi, unaitwa ofisini. Sasa wanaume walianza kung'oa mchana kweupe. Ukipita njiani unaona mashina yamelala na mizizi juu, kama watu waliouawa. Wengine walipanda nyanya, wengine mahindi. Kila mmoja aliapa kwamba yeye ndiye mjanja.

Mibuni yetu aliipanda babu yangu, mume wa Bibi. Baba alikuwa tayari amenoa shoka. Ila akasema hawezi kung'oa kitu cha baba yake kwa maneno ya barabarani wakati nyumbani ana msomi wa jambo hilo hilo. Akamsubiri Aikande aje likizo. Masika yalikuwa yanakaribia, na anayetaka kupanda kitu kipya lazima awe ameshasafisha shamba.

Akaja. Jumapili baada ya ibada ukoo ukajaa uani. Mama alipika mtori wa ndizi, pombe ya mbege ikaletwa. Baba mdogo Eliasa, mdogo wake Baba, alipanda kutoka Bomang'ombe, ambako alikuwa na duka la mbegu na dawa za kunyunyizia. Mfuko wa shati lake ulikuwa umetuna kwa mbegu za nyanya. Watu walipokwisha kula Baba akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Aikande. Ng'oa au acha? Ukisema ng'oa, kesho naanza."

Watu wote wakamgeukia. Hata kata za mbege zilishushwa. Mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, na nilihisi hata yeye tumboni ametulia kusikiliza.

Aikande akasimama kwa heshima, akafunga mikono yake mbele. "Baba, sijui bado."

Ungewaona! Baba mdogo Eliasa alicheka mpaka akakohoa. "Hajui! Ndege kwenda, ndege kurudi, vitabu vimejaa sanduku, hajui! Kaka, ungenipa mimi ile hela ya shule. Mimi nina duka tu, na ninajua. Ng'oeni!"

"Anayejua haraka hivyo huwa anauza kitu," Aikande akamjibu taratibu, na macho yake yalikuwa kwenye ule mfuko wa shati. Vijana wakacheka. Baba hakucheka. Aliutazama uso wa binti yake kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa akakuta ni dume.

Nilimvuta mdogo wangu jikoni. Nilikuwa nimeona aibu kwa niaba yake, na aibu ikinishika mimi huwa nakuwa mkali. "Wewe, sema lolote!" nikamwambia. "Sema ng'oa, au sema acha, chagua moja watu waridhike. Nani atajua?"

Sikujua Bibi yumo mle ndani, amekaa nyuma ya figa anakoleza moto. Akainuka. Wakati huo alikuwa mzee wa kutembelea fimbo, lakini alitoka nje haraka, akaenda mpaka kwenye mbuni wa karibu, akarudi na punje mbili tatu za kahawa mbichi, kijani, ngumu kama kokoto.

"Fungua mdomo," akaniambia.

"Bibi..."

"Ndeshi, fungua mdomo."

Nilikuwa mke wa mtu, mwenye mtoto. Nikafungua. Akanitia zile punje. "Tafuna."

Nilitafuna. Kinywa kikakauka, ulimi ukakunjamana. Nikatema jivuni.

"Mbona unatema? Si kahawa hiyo?"

"Ni mbichi, Bibi."

"Na unataka mdogo wako awalishe ukoo mzima kitu kama hicho?" Sauti yake haikupanda, na ndiyo maana iliniuma. "Tumekufundisha kuchuma ungali mtoto. Tawi moja lina mbivu na mbichi. Mbivu unachukua, mbichi unaiachia jua, unairudia wiki ijayo. Mtu anayepukutisha tawi zima hujaza kikapu wa kwanza, na kahawa yake hutupwa ya kwanza. Mtoto amesema bado. Bado ni jibu. Usimfundishe kupukutisha."

Kisha akatoka uani, na sisi nyuma yake. Akawatazama wanaume wote, wengine mvi tupu, akawasemesha kama wavulana. "Mmeuliza, mmejibiwa. Kama mlitaka wa kuwadanganya, Eliasa yupo, ana duka. Baba Ndeshi, rudisha shoka darini. Mpe mwanao mpaka msimu ujao wa kuchuma. Na wewe Aikande, usije ukadhani nimekusifu. Umesema hujui. Sasa inuka ukatafute."

Baba akarudisha shoka. Mama yake ndiye aliyesema, angefanyaje?

Basi kesho yake ukaanza mwaka ambao sijawahi kuuona mwingine kama ule. Aikande aliomba ruhusa chuoni, akahamia nyumbani, na mimi ndiye niliyempeleka kwa watu, maana mlango wa Mchagga huufungui kwa cheti. Unabisha hodi, unasalimia, unataja baba yako ni nani na babu yako ni nani, ndipo unapewa kigoda. Tulipanda, tukashuka. Aliuliza wazee, aliuliza wake zao peke yao, kisha aliomba kuingia shambani. Huko hakuuliza kitu. Aliinama tu na kutazama udongo na samadi chini ya miti.

Maneno yakasambaa. Siku ya soko Kwa Sadala mwanamke mmoja muuza ndizi alinipokea kwa kelele: "Ndeshi! Ni kweli mdogo wako amesoma mpaka Ulaya ili aje kutazama mavi ya ng'ombe?"

"Ni kweli," nikamjibu. "Na kwako anakuja kesho, kwa hiyo fagia."

Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni niliogopa. Msimu ulikuwa unakaribia. Shoka lilikuwa darini, halikuwa limeuzwa.

Sasa sikiliza, maana hapa damu yangu huchemka mpaka leo. Tulikuwa kwa jirani, mtu wa upande wa juu kidogo. Aikande ameinama. Ghafla akanyooka, akaanza kucheka peke yake, akanishika mkono akanivuta.

"Dada! Tazama samadi imeishia wapi!"

Nikatazama. Samadi ilikuwa imelundikwa vizuri chini ya migomba, nyeusi, nene, inatoa mvuke. Pembeni yake, hatua moja tu, ulisimama mbuni. Chini ya ule mbuni udongo ulikuwa mkavu, mwekundu, mtupu. Kama mtu amechora mstari: hapa ndizi, hapa kahawa, samadi isivuke.

"Wamesahau," nikasema.

"Nyumba ngapi zimesahau, Dada? Nani anabeba samadi kwako?"

"Mimi."

"Na ndizi ni za nani?"

"Zangu. Ndizi ni za mwanamke, hata mtoto anajua. Nazipeleka sokoni."

"Na kahawa?"

Nikautazama tena ule udongo mtupu. Kahawa ni ya baba. Kahawa huuzwa na baba, na hela yake hukaa kwa baba. Maisha yangu yote nimeyajua hayo, mwanangu, kama ninavyojua mkono wangu wa kulia, lakini sikuwahi kuyaweka karibu na ndoo ya samadi!

Tulikimbia. Watu wazima wawili, mimi na mtoto mgongoni, tulikimbia mpaka shamba la pili. Mstari ule ule. La tatu, ule ule. Shamba jingine tukakuta kahawa ya kijani, inang'aa, samadi mpaka shinani. Aikande akakaribia kulia: kumbe si kweli, kumbe amejidanganya. Tukamuuliza mama wa pale. Akasema mumewe alimgawia mistari ya kahawa iwe yake mwenyewe, anauza kwa jina lake. Weee! Tulishikana tukarukaruka katikati ya migomba ya watu kama vichaa.

Mimi nilitaka twende kwa Baba jioni ile ile. Yeye akakataa. Akasema nyumba hizi zote ni za majirani, labda ni tabia ya kijiji kimoja. Akaenda Kibosho, akaenda mpaka Rombo, akarudi amekonda, viatu vimekwisha. Ndipo akasema, "Sasa imeiva."

Aliwaita wale wale, uani pale pale. Na sasa ndipo nilipojua kwamba kujua ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwambia baba yako.

"Baba, bei imeiumiza kahawa, kweli. Lakini mibuni yetu ilianza kufa kabla bei haijaanguka. Haijala samadi miaka mingi. Anayebeba samadi anaipeleka kwenye kile kinachomlisha."

Baba akasogeza kigoda chake mbele. "Unataka kusema mama yako ameua kahawa yangu?"

"Hapana, Baba. Nasema hajawahi kuwa na kahawa."

Baba mdogo Eliasa akaruka. "Haya! Hayo ndiyo mambo ya Ulaya! Kaka, unasikia? Kesho atakuambia uvae kanga!"

Lakini Mama alikuwa ametoka jikoni, mwiko mkononi. Mama yetu hakuwa msemaji mbele ya wanaume. Siku hiyo alisema. "Eliasa, kaa chini. Mimi nibebe ndoo kutoka zizini mpaka kwenye mti ambao nikitaka chumvi unaniambia nisubiri? Mgomba sijawahi kuusubiri. Nilipeleka samadi kwa rafiki yangu."

Baba akainuka, akaingia ndani. Tukasikia anagusa dari. Akatoka na shoka. Nikasema basi, amekasirika, anang'oa yote, na Aikande hatakanyaga tena hapa. Tulimfuata kihambani wote, hata wagonjwa wa miguu. Baba akafika katikati, akakata tawi la isale, ule mmea wetu wa mipaka na wa amani, akalichomeka kwenye udongo.

"Mama Ndeshi," akaita.

"Abee."

"Kuanzia hapa mpaka kwenye mfereji, kahawa ni yako. Chuma mwenyewe, uza mwenyewe."

Mama akamtazama. Kisha akageuka kwetu, akasema, "Mashahidi mmesikia? Rudia, Baba Ndeshi, kuna wengine masikio mazito."

Akarudia! Mzee wa kanisa, mbele ya ukoo, akarudia kwa sauti ya mahubiri! Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo vilisikika ng'ambo ya korongo, watu wakaja wakidhani tunaoza binti. Bibi alikuwa ameegemea fimbo yake, na alisema neno moja tu la Kichagga, "Haika," yaani asante, na sikujua anamshukuru mwanawe, au mjukuu wake, au Mungu. Labda wote.

Bei iliendelea na wazimu wake, sitakudanganya. Lakini mibuni ya Mama ilirudi kuwa ya kijani, na ya Baba ikaona wivu ikafuata, kwa sababu Baba naye alianza kubeba ndoo. Aikande akaandika aliyoyaona. Wasomi wakubwa wa huko nje walimbishia, akawajibu. Wengine walimwambia aseme dunia yote iko hivyo, akakataa, akasema anaijua Kilimanjaro tu, kwingine hajaenda kuuliza. Akawa profesa. Na siku moja, simu za mkononi zimeshafika hata kwetu wauza ndizi, nikiwa sokoni yangu ikalia, alikuwa Aikande.

"Dada, wamenipa tuzo. Ile kubwa ya uchumi."

"Ya nini?"

"Ya ile samadi."

Nilipiga yowe mpaka soko zima likasimama. Nilipowaeleza, yule mwanamke wa ndizi akashika kiuno. "Wanatoa tuzo kwa mavi ya ng'ombe? Basi mimi nawadai tatu!" Kisha akanikumbatia akalia, na mimi nikalia, na siku hiyo ndizi zetu zililiwa bure na watoto wa shule.

Sasa nikuambie nilichokusudia. Wewe umesoma kuliko mimi, na kesho watu watakuzunguka wakutake jibu. Watakuwa na haraka, na mmoja wao atakuwa na mbegu mfukoni. Kama hujui, sema hujui bado, hata wakucheke. Lakini usikae na hiyo "bado" kitandani. "Sijui" ya kukaa ni uvivu wenye adabu. Inuka, ubishe hodi, uiname, uchafue viatu. Na ukishajua, usikimbilie kuwaambia wageni kabla ya wenye jambo lao. Anza na yule ambaye neno litamuuma. Mwambie umesimama, mikono mbele, sauti ya heshima, na usipunguze hata tone. Aliye wako kweli atakasirika, ataingia ndani, na atatoka akiwa mtu mpya. Mpe nafasi ya kuingia ndani.

Nenda basi. Mungu akupe macho ya kuona kilicho chini ya miguu ya kila mtu, na uso mgumu wa kuvumilia kicheko. Akupe mzee wa kukukemea mapema na mdogo wa kukuuliza maswali. Njia yako ipande bila utelezi, mzigo wako ukae vizuri kichwani, na popote utakapofika, pawepo mtu atakayesema: huyu tulimsubiri, na hatukusubiri bure.